Sauti Iliyomtoroka Asajile

Kama ulifiwa Tunduma wakati wowote kati ya mwaka 1991 na 2015, jina la marehemu wako lilipita mdomoni mwa Asajile. Alikuwa mtangazaji wa mitaani. Misiba, watoto waliopotea, mkutano wa wazazi, ng'ombe aliyeonekana kijijini Mpemba akiwa na kamba shingoni na hana mwenyewe, yote hayo yalikuwa yake. Redioni hakuwahi kufanya kazi. Alikuwa na spika.

Alishuka kutoka milima ya Ileje akiwa kijana, miaka ile biashara ilipofunguliwa na mpaka ukaanza kuchangamka. Alitaka kazi ya kupakia mizigo. Mgongo ukamkatalia, sauti ikamkubali. Wapagazi wenzake ndio waliogundua: Asajile akimwita mtu upande huu, anayegeuka yuko Nakonde, ng'ambo ya Zambia. Akaanza na bati lililokunjwa kama faneli, ikaja spika ya betri ya mkononi, ikaja baiskeli, na mwisho pikapu nyeupe yenye mlango mmoja wa buluu. Alitangaza kwa Kiswahili, akarudia kwa Kinyiha na Kinamwanga, na akikaribia geti la mpaka aliongeza Kibemba kidogo, Wazambia waliokuja sokoni wasije wakasema hawakuambiwa.

Kosa lake kubwa la kwanza alilifanya mwaka 1996. Alitangaza kifo cha mzee Osea wa Mpemba, kumbe aliyefariki ni Osea wa Chapwa. Mzee Osea alikuwa nje kwake anachambua maharage akawaona wanawake wanakuja mikono kichwani. Akauliza, "Jamani, nani tena?" Wawili wakakimbia, mmoja akaanguka pale pale. Jioni hiyo mzee akaja kwa Asajile na fimbo yake.

"Wewe! Umeniua barabara nzima. Utanifufua barabara nzima."

Asajile akarudi na baiskeli njia ile ile, akisimama kwenye kila kona aliyosimama asubuhi, akisema mara mbili mbili kwamba Osea wa Mpemba ni mzima na anawasalimia. Tangu hapo ikawa sheria ya kazi yake, na Tunduma yote ikaijua: tangazo la kusahihisha hupita njia ya tangazo lililokosewa. Ukipita njia nyingine utawaambia wasiohusika, na wale uliowadanganya utawaacha na uongo wao. Kwa miaka kumi na tisa sheria hiyo haikumwangusha hata mara moja.

Sasa njoo nikuonyeshe ilipomwangusha.

Mwaka 2014 binti yake Tumpale, mwalimu kule Mbeya, alimletea simu ya kupangusa. Akamwingiza kwenye kundi la WhatsApp la chama chao cha kufa na kuzikana, watu thelathini na wanne. Mzee akafurahi. Alipogundua kwamba unaweza kubonyeza kitufe ukaongea na sauti ikaenda yenyewe, mkewe Tusekile alisema nyumba imeingiliwa na spika ya tatu.

Februari ya mwaka uliofuata mahindi yalipanda bei. Siku moja mchana Asajile alikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, akina mama wanalalamika mbele na nyuma yake, naye akayabeba malalamiko yote yakamjaa kifuani. Akaondoka na pikapu yake, akapita mbele ya ghala la Sufiani.

Huyu Sufiani alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, mtu wa Kondoa aliyeishi Tunduma miaka kumi na tisa. Mtaratibu, hana makuu. Mkewe Nuria na Tusekile walikopeshana chumvi na siri. Mtoto wao wa pili alipopotea sokoni akiwa na miaka minne, spika ya Asajile ndiyo iliyompata, na tangu siku hiyo kila Idi sahani ya pilau ilivuka barabara kabla wenyewe hawajala.

Mbele ya ghala palikuwa na lori la namba za Zambia. Wapagazi walipanda ubao na magunia mabegani, wanayatupa ndani ya lori. Asajile akasimamisha gari, akachomoa simu, akabonyeza, akaongea kwa sauti yake ya kazi:

"Tangazo, tangazo! Wakazi wa Tunduma mnatangaziwa ya kwamba wakati ninyi mnaokota punje, ghalani kwa Sufiani mahindi yenu yanapanda lori la Zambia mchana kweupe! Akina mama, shikeni masufuria! Cha kwetu hakivuki!"

Nusu yake ilikuwa utani, nusu hasira. Akairusha kwenye kundi la kuzikana. Watu wakacheka kwa vile vikaragosi vya machozi. Akaenda zake kula.

Kesho yake asubuhi dereva wa bodaboda asiyemfahamu akampungia mkono. "Mzee, hakivuki!"

Asajile akacheka. Kufika saa sita ameitwa hivyo mara tisa, na hakucheka tena.

Siku ya tatu Sufiani akaja kwake, amebeba karatasi zake kwenye bahasha. Hakupayuka. Ni afadhali angepayuka.

"Baba Tumpale, lile lori lilitoka Nakonde. Lilikuja na mahindi, halikuja kuchukua. Tuliposhusha tukakuta magunia arobaini yamelowa, yameota ukungu. Hayo ndiyo uliyoona yanapandishwa. Yalikuwa yanarudishwa kwa mwenyewe. Mazuri yote yako ndani, nauza hapa hapa mjini. Vibali hivi hapa, soma."

Asajile alisoma hadi mwisho, tena hadi mwisho. Mtu wa mpakani miaka ishirini na mitano, akaona lori la Zambia limepakiwa nusu, akajua linapakia. Hakuuliza hata mpagazi mmoja.

"Sufiani, mdogo wangu. Nimekukosea."

"Mimi nimekusamehe. Wapagazi wangu leo hawakuja. Mwanangu shuleni wanamwita Hakivuki. Jana mawe mawili kwenye bati." Akarudisha karatasi kwenye bahasha. "Na mwenye nyumba, mzee Ambakisye, ameniambia kama jambo hili halijatulia hadi mwisho wa Machi, atatafuta mpangaji mwingine."

Nuria, aliyemfuata mumewe, alikuwa amesimama mlangoni, mtandio umembana kidevuni. Yeye hakuwa mpole kama mumewe. "Mzee Osea ulimfufua kwa siku moja, shemeji. Sisi tuhesabu ngapi?"

"Nipe wiki," Asajile akasema. "Nitarudi njia ile ile."

Na alimaanisha. Alianza na kundi la kuzikana, akatuma sauti ya kusahihisha, ndefu, ya adabu, yenye kila kitu. Kati ya watu thelathini na wanne wawili wakajibu kidole gumba. Mmoja akajibu picha ya maua ya waridi iliyoandikwa "Asubuhi njema". Ilikuwa saa kumi jioni.

Akatoka na pikapu. Akatangaza kona zote, Majengo, Sogea, stendi, hadi getini. Vijana wa bodaboda wakamsikiliza dakika moja.

"Mzee baba, umekula ngapi?"

"Sijala kitu! Nasema nilikosea!"

"Ile ya kwanza ulisema bure. Hii umekodiwa gari. Tumwamini nani?"

"Gari ni langu, mnalijua tangu mko chekechea!"

"Basi umejazwa mafuta," akasema mwingine, na kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Hapo ndipo Asajile aliposhika kichwa na kugundua ugumu wake: ile njia hakuwa anaijua. Sauti yake ilipita wapi? Ilisimama kona gani? Basi akaamua kuitafuta, mtu kwa mtu, kama unavyofuata nyayo za mbuzi. Mwenzangu, unaweza kumcheka. Mimi nilimcheka, baadaye nikanyamaza.

Akaanza na Lusungu, mwanamama wa dagaa, memba wa kundi lao.

"Dada Lusungu, ile sauti yangu ulimrushia nani?"

"Mh! Kaka, unaniuliza kama polisi."

"Nakuuliza kama mtu aliyepoteza kitu."

Lusungu akapangusa mikono kwenye kanga, akatafuta kwenye simu. "Nilimrushia wifi yangu kule Mbangala. Na kundi la upatu. Na kundi la kwaya." Akasita. "Na lile la Tunduma Yetu. Lakini huko kila mtu anarusha."

Upatu walikuwa kumi na wanane. Asajile akawafuata wote kumi na wanane, majumbani na vibandani. Kila mmoja alikuwa na watatu, wanne. Wengine hawakukumbuka. Mmoja alimwambia, "Mimi sikusikiliza, mzee, nilirusha tu." Huyo alimuumiza kuliko wote. Siku ya kumi alikuwa ameongea na watu mia moja na zaidi, koo limekauka, na bodaboda wa Vwawa na Mlowo, ambako hakuwahi kufika kutangaza chochote, wanasalimiana kwa sauti yake.

Tunduma Yetu lilikuwa kundi la Damiano. Damiano alikuwa karani kwa wakala mmoja wa mizigo, kijana wa shati safi, mwenye masikio. Alianza kundi lile kwa kulalamikia foleni ya malori na vyoo vya stendi, na alikuwa na haki, vyoo vilikuwa aibu. Halafu akagundua kwamba vyoo havina sura, na watu hupenda kumkasirikia mwenye sura. Kundi la kwanza lilipojaa akatengeneza la pili, na la tatu. Kufika Machi walikuwa wanakutana kiwanjani kila Jumapili baada ya ibada, wamevaa fulana zenye maandishi CHA KWETU, na vyama vilianza kumtumia salamu, maana Oktoba ilikuwa ya uchaguzi.

Asajile akamkuta kwenye kibanda cha soda. Damiano akasimama, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Mzee wangu! Karibu, karibu. Mleteeni mzee kiti."

"Sitakaa. Damiano, ile sauti ni ya uongo. Sufiani hakuvusha kitu. Nakuomba uwaambie watu wako."

Damiano akapunguza sauti, na kwa kweli alikuwa mpole. "Mzee, najua. Nilijua tangu wiki ya kwanza. Mpagazi mmoja ni binamu yangu."

Asajile akakaa kwenye kiti alichokikataa.

"Ulijua?"

"Lakini mzee, mahindi hayavuki? Jibu. Hakuna mtu anayevusha mji huu?"

"Wapo."

"Basi. Sauti yako inasema kweli, imekosea jina tu."

"Jina ndilo linalopigwa mawe!"

"Mimi sijarusha jiwe, mzee." Akamwekea soda mbele. "Njoo tufanye kazi. Watu wanaipenda ile sauti. Nikupe hata spika mpya."

Asajile hakugusa soda. Jumapili akaenda kiwanjani, si kwa kazi. Watu walikuwa wengi kuliko msiba wa mkuu wa wilaya. Kwenye spika kubwa za Damiano ikapigwa ile sauti, tangazo, tangazo, wakazi wa Tunduma, na iliposema "Cha kwetu" umati ukamalizia "Hakivuki!" hadi kunguru wakaruka kwenye mabati. Asajile akapenya hadi mbele, akapanda kwenye tofali.

"Hiyo sauti ni yangu! Mimi ndiye niliyesema, na nilisema uongo!"

Kijana mwenye fulana akamtazama juu hadi chini. "Si wewe."

"Si mimi nini?"

"Mzee wa Hakivuki sauti yake nzito. Yako imepasuka."

"Imepasuka kwa kuwatafuta ninyi!"

"Mzee, shuka usije ukaumia. Kila mtu siku hizi anasema ni yeye. Juzi kuna mwingine alitoka Momba."

Na wakamshusha, wala si kwa ubaya, wakimshika viwiko kama babu yao.

Tusekile usiku ule alimkanda koo kwa maji ya chumvi na kumgombeza. "Mtu mzima unapanda matofali. Ungeanguka, nani angekutangaza?" Halafu akalia kidogo, maana alikuwa ametoka kwa Nuria na kukuta vyombo vimeanza kufungwa.

Ikabaki wiki moja Machi iishe. Asajile akasema mjini wamemshinda, lakini vijijini bado watu wanasikiliza. Lusungu alikuwa na wifi Mbangala, na mmoja wa upatu alikuwa na dada Ihanda. Mbangala ilikuwa mbali na pikapu ilikuwa mgonjwa, akaenda Ihanda, siku ya gulio. Akasimamisha gari kati ya wauza maharage, akafungua spika, akaeleza vizuri kwa Kinyiha, polepole: Sufiani hakuvusha mahindi, lori lilileta, halikupeleka, mtu asimwone Sufiani kama mwizi.

Watu wakaacha mizani, wakasikiliza. Hakuna aliyecheka, wala aliyeuliza amekula ngapi. Mama mmoja, Ketrina, mkulima wa kahawa na maharage, akamletea maji kwenye kikombe.

"Ndaga, asante mama," Asajile akasema, moyo umemtulia kwa mara ya kwanza mwezi mzima.

"Pole na kazi, baba. Huyo Sufiani ndiye yule anayetununulia maharage?"

"Huyo huyo."

"Aa." Ketrina akapokea kikombe. "Kumbe wanamsema hivyo."

Asajile akarudi Tunduma anapiga mluzi.

Siku tatu baadaye Sufiani alikuja. Alikuwa amepungua, kola ya kanzu imekuwa kubwa shingoni.

"Baba Tumpale, ulikwenda Ihanda?"

"Nilikwenda! Wale watu wana utu, Sufiani. Walinisikiliza neno kwa neno."

"Walikusikiliza." Sufiani akakaa kwenye ngazi. "Jana nimekwenda kuchukua maharage niliyoahidiwa. Wamekataa. Wanasema hawataki matatizo, mtu hasafishwi kwenye spika kama hana uchafu. Kaka, Ihanda walikuwa hawajasikia. Kule simu hazishiki vizuri. Ni wewe uliyewapelekea."

Asajile akakaa naye kwenye ngazi.

"Nakuomba kama ndugu," Sufiani akasema. "Acha. Anayejua tayari, mwambie. Asiyejua, mpite. Usinitangaze tena."

Ni ombi dogo, ukilitazama. Lakini mtazame aliyeombwa. Angejuaje nani anajua, bila kumuuliza? Na akishamuuliza, si ameshamwambia? Aliliwaza hilo siku nzima, akizunguka uani kama kuku aliyefungwa kamba, anapiga teke ndoo, anaiokota, anaipiga tena.

Mwisho akasema bado kuna mtu mmoja anayejua tayari. Akaenda kwa Ambakisye, mwenye nyumba. Mzee yule alikuwa anapaka mafuta bawaba za geti.

"Mzee mwenzangu, wewe unaamini kwamba Sufiani alivusha mahindi?"

"Siamini. Nilikuwepo lori liliposhusha. Niliyaona yale magunia kwa macho yangu, hata harufu ya ukungu niliisikia."

"Uliona! Sasa kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Wewe umesema mwezi mzima, umepata nini?"

"Basi wewe usimtoe! Unajua ni mtu safi, mwache akae!"

Ambakisye akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Asajile, yeye ni mtu safi. Lakini nyumba yangu ina madirisha."

Tarehe thelathini na moja Machi Sufiani alihama kwenda Makambako, ambako alikuwa na shemeji. Wapagazi walikataa kuja, hata wale aliowalisha miaka kumi. Basi Asajile na Tusekile wakapakia wao: masanduku, kitanda, mikeka, sufuria ya pilau. Asajile na mgongo wake mbovu akatoka mlangoni na godoro kichwani. Ng'ambo ya barabara vijana walikuwa wamenyoosha simu. Hakuwajali. Nuria alimpa Tusekile mkono kwa muda mrefu, akampa Asajile kwa muda mfupi. Sufiani ndiye aliyemkumbatia.

"Wewe ulirudi, kaka," akamwambia. "Njia ndiyo haikuwepo."

Asajile alijua hakustahili neno hilo, na kupewa bure kulimuudhi zaidi ya kutukanwa.

Kabla ya jua kuzama ile picha ilikuwa imeshafika Vwawa. Asajile na godoro, mlango wa Sufiani nyuma yake, na chini imeandikwa: MZEE WA HAKIVUKI AMTOA MWENYEWE. Sasa ndipo walipomkubali kwamba ni yeye.

Damiano alipata udiwani Oktoba, na kwa haki nitasema vyoo vya stendi vilijengwa. Mahindi yaliendelea kuvuka kama kawaida, na waliokuwa wanayavusha walikuwa wanavaa fulana. Asajile alirudi kwenye misiba. Watu wa mjini walimpenda kuliko wakati wowote, na hilo ndilo lililokuwa linamla.

Novemba nilikuwa naye kwa mama ntilie mmoja karibu na geti, tunakunywa chai. Mama yule akamwekea chapati mbili ambazo hakuagiza.

"Za kwako bure, mzee. Ile siku ulimtoa yule mwizi na godoro lake, mimi nililia kwa furaha. Hongera."

Huyu alikuwa anajua tayari. Asajile akasukuma sahani pembeni, akamwonyesha benchi.

"Kaa chini, mama. Lile lori lilikuwa linatoka Nakonde. Lilikuja na mahindi, unasikia? Lilikuja nayo..."

Mama akapangusa mikono, macho yanang'aa, akachomoa simu kwenye mfuko wa aproni na kuinyoosha.

"Weka simu chini kwanza," Asajile akasema.

"Aa, mzee, wewe sema tu. Inachukua."